Muhogo Kwenye Uwanja wa Ndege

Vijana wenzangu wa uwanjani,

Siku mliyoniaga kwa chai na maandazi, mmoja wenu aliniuliza kwa adabu nzuri: kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ndege inakwenda muda gani? Nikajibu, inategemea. Mkacheka, mkadhani mzee anatafuta pa kuanzia hadithi. Mwenzenu akanionyesha ramani ukutani. Umbali umeandikwa, muda umeandikwa pembeni yake, kazi imekwisha. Sikubishana, maana maandazi yalikuwa bado ya moto. Sasa nipo nyumbani Marui, nina nafasi, na swali lile limenikaa. Nitawaandikia jibu lake lote. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vidogo na havitajaza karatasi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika uwanja wa dharura upande wa Kibaha, hatua chache kutoka reli. Msiutafute leo, msitu umeuchukua. Ulikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa na kushindiliwa, chenye duara la mawe yaliyopakwa chokaa, mlingoti wa mfuko wa upepo, na kibanda cha makuti cha kuwekea vifaa. Siku zile, kabla ya vita vya pili vya Wazungu, rubani aliyekwenda Morogoro aliifuata reli kwa macho, na sisi tuliwekwa pale ili mashine ikimgomea njiani awe na pa kutua. Kwa hiyo tulilipwa kuutunza uwanja huku tukiomba Mungu usitumike.

Nilikwenda kuanza kazi kwa miguu kutoka hapa Marui. Nililala Mzenga kwa shangazi yangu, nikafika siku ya pili jioni, viatu mkononi ili visichakae. Msimamizi aliitwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, mfupi, mabega mapana, aliyeitumikia reli miaka mingi kabla ya kuletwa uwanjani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Marui. Mzaramo."

Aliniangalia kuanzia miguu mpaka kichwa, bila haraka. "Niliomba mfanyakazi, wameniletea mtani," alisema. "Weka mzigo wako. Kikipotea kitu hapa sitahangaika kumtafuta mwizi."

Mnajua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulivyo. Ni wa tangu enzi za misafara, na mtani hana ruhusa ya kununa. Nilimjibu kwamba babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka Pwani, wakafika hoi, wakasahau njia ya kurudi. Akacheka, akanipa ugali, na kuanzia siku hiyo alinifundisha kazi kwa miaka mingi bila kuniita kwa jina langu la Shomari isipokuwa jambo likiwa zito.

Vifaa vyetu vilikuwa fyekeo, jembe, toroli lenye gurudumu bovu, madebe ya chokaa na mchi wa kushindilia udongo ambao Mzee Maganga aliuchonga mwenyewe. Adui yetu alikuwa muhanga. Ninyi wa mjini hamumjui, ni mnyama anayechimbua mchwa usiku, na anakuachia shimo la kumeza gurudumu zima. Kila asubuhi tuliukagua uwanja kwa miguu, mmoja kulia na mwingine kushoto, na tukilikuta shimo tulilijaza na kulishindilia kabla ya chai.

Vitu vya thamani kuliko vyote vilikuwa vitambaa viwili vyeupe vilivyokunjwa sandukuni. Kimoja kilishonwa kama herufi ya T, tulikitandika chini kumwonyesha rubani atue akielekea wapi. Kingine kilikuwa msalaba. Kikitandikwa hicho, maana yake uwanja umefungwa, usithubutu kushuka.

"Rubani hasikii," Mzee Maganga aliniambia wiki ile ya kwanza. "Unaweza kupiga kelele mpaka koo lipasuke. Cheupe anachokiona chini, hicho ndicho ulichomwambia."

Ni yeye pia aliyenifundisha habari ya muda. Umbali wa Dar es Salaam na Morogoro haubadiliki, alisema, lakini ndege haisafiri kwenye umbali, inasafiri kwenye upepo. Kusi likivuma, ndege inayotoka Dar inasukumwa mgongoni na kufika Morogoro kwa saa moja na kitu. Ikirudi, upepo uleule unaikaba kifuani, na rubani aliyekunywa chai Morogoro anafika pwani na njaa. Treni ilichukua kutwa nzima kwa njia hiyohiyo na haikujali upepo, jambo ambalo Mzee Maganga, kama mtu wa reli, hakuacha kulitaja.

Habari za ndege tulizipata kutoka stesheni. Ndege ikiondoka Dar au Morogoro, simu iligongwa kwenye waya wa reli, na karani wa simu wa stesheni yetu, kijana mmoja Mluguru mpole, alitoka nje na kupiga kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi yake. Pigo moja ni ndege ya Dar, mapigo mawili ni ya Morogoro. Sisi nasi tulikuwa na chuma chetu uwanjani cha kuitikia. Ya Morogoro ilitupa nafasi ya kutosha. Ya Dar, kwa kuwa tupo karibu, ulikuwa hujamaliza kutandika kitambaa ukaisikia.

Sasa nije kwenye mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimekosa mara mbili, mpunga na mahindi vikafa, na watu wa pale walibaki na muhogo tu. Muhogo hauna shida ukiwa ardhini, shida ni nguruwe mwitu. Walikuwa na njaa kama watu, wakaingia mashambani na kuung'oa kabla ya wenyewe. Dawa ilikuwa kuuwahi, kuumenya, kuupasua na kuuanika ukauke uwe makopa, uwekwe ndani na kutwangwa kidogokidogo mpaka mvua irudi. Lakini kule kulikuwa na msitu mpaka mlangoni. Penye jua palikuwa na kivuli baada ya muda mfupi, na pasipo na kivuli palikuwa na ngedere wakingoja mgongo ugeuke.

Bi Mwanahawa alikuja uwanjani asubuhi moja akiwa amejifunga kaniki na tenga kichwani. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, nyumba yake ikiwa ya kwanza ukitoka stesheni, mwanamke asiyeongea sana na asiyependa kurudia alichosema. Alitua tenga mbele ya Mzee Maganga.

"Mtani, nataka jua lako."

"Jua si langu, mama. La serikali."

"Basi niazime la serikali. Watoto wangu wamekula maembe mabichi jana na juzi. Nina muhogo wa shamba zima, nguruwe wamekwisha kula nusu. Hapa pako peupe, ngedere akitoka msituni namwona. Ukinikatalia niambie nikaanike wapi."

Mzee Maganga aliuangalia uwanja. Kanuni zilikataa mtu yeyote kukanyaga pale isipokuwa sisi, na ubao ulisema hivyo kwa lugha mbili. Kisha akasema, "Kwa sharti moja. Chuma kikilia, muhogo unatoka. Hata kama umebaki kidogo kukauka, unatoka."

Siku ya tatu walikuwa wanawake sita, na mwezi ulipokwisha walikuwa zaidi ya ishirini. Nao wakajifunza muda wa ndege kuliko karani yeyote. Mapigo mawili, ya Morogoro: walikusanya makopa kwenye matenga, wakayapeleka pembeni, wakanyonyesha, na bado walikaa kuingoja. Pigo moja, ya Dar: hakuna muda, kwa hiyo siku ya ndege ya Dar hawakuanika kitu mpaka ipite. Tuliwaambia asubuhi leo ni ndege ipi, wakakaa kwenye majani na matenga yao, ndege ikapita juu ikifuata reli, mlio ukapotea upande wa Ruvu, ndipo wakatandaza. Ikishapita imepita. Mpaka irudi ni kesho au keshokutwa, na ikirudi Morogoro watapiga simu. Ulikuwa mpango mzuri. Niliuona mzuri mimi na aliuona mzuri Mzee Maganga, na watoto wa vijiji vile waliishi kwa sababu yake.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya kusi, mbingu safi. Ndege ya barua ilitoka Dar asubuhi ikiwa na rubani peke yake. Ikapita, nikapunga mkono kama kawaida, naye akatikisa mbawa. Wanawake walikuwa wengi siku ile kwa kuwa walikuwa wamekuja wengine wa vijiji vya mbali, na hapakuwa na nafasi ya kila mtu kuanika pembeni. Wakatandaza mpaka katikati, mistari ya urefu na mistari ya upana, muhogo umemenywa asubuhi hiyohiyo, mweupe wa kuumiza macho. Mzee Maganga alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Mimi nilikuwa napaka chokaa.

Nilisikia mlio upande wa Ruvu. Nilidhani ni kiberenge cha wakaguzi wa reli. Kisha ukakatika, ukaanza tena, ukakatika, kama mtu mwenye pumu anayepanda mlima. Mzee Maganga akasimama. Hakuna chuma kilicholia stesheni, maana hakuna aliyekuwa na habari ya kupiga. Ndege haikuwa imefika Morogoro. Ilikuwa imeharibika njiani na inarudi kwetu, kule kulikokuwa na uwanja uliowekwa kwa ajili ya siku kama ile.

Nilikipiga chuma chetu kwa nguvu zangu zote. Wanawake waliinuka pamoja, hakuna aliyeuliza. Hawakukusanya, hapakuwa na muda wa kukusanya. Waliukumba muhogo kwa mikono, kwa miguu, kwa kaniki walizovua mabegani, wakiusukumia kwenye mchanga na majani. Bi Mwanahawa alipiga magoti akawa anausomba kifuani mwake. Mzee Maganga alitoka mbio na kile kitambaa cha T, akakitandika chini, na kilipotandikwa sikukiona mimi niliyekuwa karibu, kwa jinsi weupe ulivyokuwa umezagaa kila upande.

Ndege ilikuja chini sana. Nilimwona rubani akichungulia kwa ubavuni, miwani usoni. Alituzunguka mara moja. Mzee Maganga alikuwa katikati ya uwanja, mikono juu, akimwita kwa vidole kama unavyomwita mtoto aje, njoo, njoo. Rubani alimwona. Aliona na ule weupe uliokatizana chini ya miguu ya mzee. Akanyanyua pua ya ndege, akageuka kuelekea Dar.

Tulisimama tukiufuata ule mlio. Ulikatika juu ya msitu, kabla ya vilima vya Pugu, na haukuanza tena.

Tulikimbia kwa njia ya reli, mimi, karani na wanaume waliotoka mashambani. Miti ilikuwa imeipokea ndege ikavunjika mbawa zote mbili, lakini haikuwaka moto. Rubani alikuwa hai, mguu umevunjika vibaya na uso umepasuka. Watu wa upande wa Kisarawe walikuwa wamekwisha fika na kitanda cha kamba, wakambeba wakipokezana mpaka relini, na kiberenge kikampeleka Dar. Njiani alikuwa anarudia neno moja. Nilisoma misheni, Kiingereza kidogo nilikuwa nacho. Alikuwa anasema, kufungwa, uwanja umefungwa. Nilisikia baadaye kwamba alipona, ila mguu haukurudi sawasawa, na hakurusha ndege tena. Alikuwa kijana wa umri wangu. Nimemfikiria miaka yote hii, na sina neno la kumfariji ambalo lingekuwa la kweli.

Nilirudi uwanjani jua likiwa linaelekea magharibi. Wanawake walikuwa wameketi pembeni, muhogo wao umechanganyika na mchanga, hakuna aliyegusa wake. Mzee Maganga alikuwa amekaa kwenye toroli. Niliwaeleza kwamba rubani yuko hai. Nikawaeleza na lile neno alilokuwa akilisema. Tukajua sote tuliokuwa pale, bila mtu kufafanua, kwamba aliusoma muhogo kama msalaba.

Bi Mwanahawa ndiye aliyeanza. "Wakija wakubwa nitasema mimi. Muhogo ni wetu."

"Hutasema kitu," alisema Mzee Maganga.

"Mtu nusura afe, mtani."

"Najua. Na ruhusa ya kuanika niliitoa mimi. Sikuwauliza wakubwa, nilijiuliza mwenyewe nikajijibu. Kwa hiyo msalaba ule ni wangu." Alizungumza taratibu, bila utani hata chembe. "Ukisema wewe, watakupeleka Dar kushtakiwa, na wataweka askari hapa. Muhogo utarudi kwa nguruwe. Mwezi wa ngapi huu? Mvua iko wapi? Nihesabie watoto watakaoiona."

"Hatukukuomba utufie."

"Sifi. Nafukuzwa kazi tu. Watu wanafukuzwa kazi kila siku na wananenepa."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanahawa alimwangalia kwa hasira ambayo sijapata kuiona kwa mtu anayesaidiwa. Mzee Maganga akanigeukia. "Shomari, lete jembe."

Tulichimba shimo la muhanga. Sitaki mcheke, ila nawaambia kwamba shimo la muhanga si rahisi kuigiza. Lina mdomo wa pembeni na udongo wake unarushwa upande mmoja, na ukilichimba kama mtu anayechimba choo unajulikana. Bi Mwanahawa aliponiona navuruga alininyang'anya jembe. Alikuwa ameyaona mashimo yale shambani kwake maisha yake yote. Alichimba la kwanza, akachimba la pili na la tatu, machozi yakimtoka, akakwaruza kingo kwa kucha zake zikawa kama za mnyama. Wenzake waliuokota muhogo wote, hata vipande vidogo, wakaondoka nao kimyakimya. Mzee Maganga akatandika ule msalaba wa kitambaa juu ya uwanja, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Mkubwa wa viwanja alikuja kesho yake kwa kiberenge, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili vizuri na asiyependa kupoteza muda. Aliyatazama mashimo, akalipima moja kwa fimbo yake. Akautazama msalaba.

"Nani aliufunga uwanja?"

"Mimi, bwana. Niliyaona mashimo baada ya ndege kupita, nikatandika."

"Ulifanya vema kuufunga. Lakini rubani hakuwa na habari, Dar hawakuwa na habari, Morogoro hawakuwa na habari. Ukifunga uwanja unapeleka taarifa stesheni mara moja. Hujui hilo?"

"Najua, bwana."

"Basi kwa nini hukupeleka?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu, na Mzee Maganga alikuwa amepajua tangu jana. Uongo wa mashimo ulikuwa na jibu la kila swali isipokuwa hilo.

"Nilisahau, bwana," alisema.

Mtu huyu hakupata kusahau kitu. Alikumbuka majina ya mafundi wa reli waliokufa kabla sijazaliwa, alikumbuka mfuko wa upepo ulishonwa wiki gani na kwa uzi wa rangi gani. Nilisimama pembeni nimeshika kofia mkononi, nikamsikia akisema amesahau, na neno hilo liliniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Mkubwa yule aliishusha fimbo yake. Sijui kama aliamini. Alisema kwamba mtu aliyesahau mara moja kwenye kazi hii hapewi nafasi ya kusahau mara ya pili, na kwa upande wake alikuwa na haki. Akamwambia akabidhi vifaa. Nani alivipokea, mnaweza kukisia.

Jioni hiyo Mzee Maganga alikaa na wanawake na kuwapa sharti jipya, la mwisho alilolitoa uwanjani. "Mlikuwa mnangoja ipite. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, na nilikosea. Tulihesabu muda wa ndege inayofika salama tu, hiyo nyingine hatukuiweka kwenye hesabu. Kuanzia sasa ikipita msitandaze. Shomari atamwomba karani aulize Morogoro. Mkiambiwa imefika, ndipo mtandaze. Jua la saa mbili tatu mtalipoteza. Lipotezeni."

Siku ya kuondoka kwake stesheni ilijaa. Kwa desturi ya watani ilipasa wamsumbue, wamnyang'anye hiki na kile, wamzuie njiani mpaka ajikomboe kwa maneno. Walijaribu. Mmoja alichukua kofia yake, mwingine akaketi juu ya sanduku lake akisema haendi mtu. Lakini matusi yalitoka bila nguvu, na Mzee Maganga naye hakuweza kuyarudisha. Alinishika mkono, akaniambia jembe limelegea kwenye mpini, linataka kukazwa. Kisha akapanda treni ya bara akiwa kichwa wazi, kwa kuwa aliyeichukua kofia alishindwa kuirudisha kwa kilio.

Bi Mwanahawa hakuja stesheni. Nilimkuta uwanjani, tenga limejaa muhogo uliomenywa asubuhi hiyo, naye ameketi pembeni. Hapakuwa na ndege ya Dar siku ile, wala ya Morogoro. Nikamwambia, "Dada, leo uwanja ni wenu. Tandaza."

"Amefika?"

"Nani?"

"Mzee. Amefika kwake?"

"Treni ndiyo kwanza imeondoka. Tabora si hapo."

"Basi nitangoja."

Nilidhani ni uchungu wa siku moja. Kesho yake alikuja mikono mitupu, akaketi palepale, akauliza swali lilelile. Keshokutwa hivyohivyo. Wenzake walikuja na matenga, wakamwona ameketi, wakaketi naye. Nilikasirika. Niliwaambia kwamba nguruwe hawangoji mtu, kwamba mzee aliacha kazi yake ili waanike, na wao wanakaa kunitazama. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Tulitandaza kabla mtu hajafika," alisema. "Mara moja inatosha."

Nikaenda kwa karani. Yule Mluguru hakuniuliza maswali. Waya wa reli ulikuwa wa kazi za reli, lakini makarani wa simu wana mazungumzo yao kazi ikipoa, na alimwomba mwenzake wa Morogoro, naye amwombe wa Dodoma, na hivyo mpaka juu. Baada ya siku kadhaa jibu likarudi kwamba mzee mmoja asiye na kofia ameshuka Tabora. Nilikwenda mbio uwanjani.

"Ameshuka Tabora," nikasema.

"Tabora ndiyo kwake?"

"Kwake ni mbele kidogo. Mwendo wa miguu."

"Basi hajafika."

Nguruwe waliingia tena mashambani wiki ile. Nililala na wasiwasi, nikaamka nao. Kila asubuhi nilikagua mashimo peke yangu, kulia kisha kushoto, na kila nilipoinua macho niliwaona wamekaa mstari mmoja kwenye majani, kaniki mabegani, kimya, na uwanja mtupu mbele yao ukipigwa na jua zuri kabisa la kuanikia.

Karani alikuja mwenyewe. Hakupiga chuma, kwa kuwa hakujua apige mapigo mangapi. Alikatiza uwanja kwa miguu, akanipa habari kwa sauti ya chini, nami nikaenda walipokaa.

"Amefika," nikamwambia Bi Mwanahawa.

"Nani kasema?"

"Karani wa Tabora. Kaambiwa na mdogo wa Mzee Maganga, aliyekuja sokoni. Yuko nyumbani, ni mzima, analalamika kwamba hakuna muhogo."

Aliinuka, akajikung'uta majani. Akaenda nyumbani akarudi na tenga, akaingia uwanjani mbele ya wenzake wote, akaanza kutandaza, kipande kwa kipande, kila kimoja mahali pake. Alipofika katikati ya mstari aliketi chini kwenye udongo na kulia kwa sauti. Wenzake waliendelea kutandaza, wakampitia kulia na kushoto, mpaka muhogo wake nao wakaumaliza.